Hatua Sita za Domina

Punje za mahindi zilikuwa misitu. Bwana Cornel, bwana miti aliyetumwa Kisanga kupanga mapori yasiyokatwa, alizitandaza mkekani pangu: fungu moja upande wa milima, jingine upande wa Mikumi, na katikati punje mojamoja, visitu vidogo vya kuvukia mbega, wale kima wa juu mitini.

"Hiki cha kijitoni kitoke," alisema, akainua punje moja. "Bila hicho, kutoka kisitu hiki hadi kile ni hatua mia tano tu, mbega watavuka."

"Nasi tupate eka tatu za pamba," mume wangu Thadeo akadakia. "Jumatatu kijiji kizima tunaingia na mapanga."

Mimba yangu yote nilikuwa nikipumzika kwenye kisitu kile nikitoka kuteka maji, mbega wakinichungulia kama mawifi. Lakini mimi nani? Kisomo cha jioni sijakimaliza. Bwana miti ana ramani na rula.

Domina, mwanangu wa miezi kumi na moja, aliachia kigoda akanijia. Hatua sita, akaniangukia magotini. Nikamnusa utosi, nikamrudisha kigodani. Kisha nikasogea nyuma kidogo. Alipiga sita, akatazama pengo lililobaki, akaketi chini akalia.

"Mama Domina, unamtesa mtoto," Thadeo akacheka.

"Simtesi." Nilimpakata. "Shemeji Cornel, mbega chini hawana amani. Wakishuka hukimbia hadi mti wa karibu, watoto wamewang'ang'ania tumboni. Pengo likizidi, wanarudi walikotoka."

Cornel hakucheka. "Likizidi kiasi gani?"

"Hatua zangu mia mbili. Nilihesabu."

"Unahesabu mbega?" Thadeo alishangaa.

"Mwalimu alitufundisha kuhesabu. Hakusema tuhesabu nini."

Cornel akairudisha punje mahali pake, taratibu. Thadeo akaguna, "Eka zangu hizo." Kabla kalamu ya Cornel haijagusa ramani, Domina alichomoka mapajani mwangu, akaiokota punje, akaitia kinywani.

"Kameza msitu!" Thadeo alimrukia, akamtia kidole mdomoni, akaitoa ikiwa imelowa mate. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi. Akaifuta kwa shati lake, akaiweka mwenyewe pale kijitoni.

"Chora, bwana," alimwambia Cornel, "kabla hajasikia njaa tena."

Domina alikuwa ameshafika kigodani. Alisimama akiyumba, akatupima sote watatu kwa macho, akaachia kigoda.