Ngamia wa Ukutani kwa Haja Naima

Mama Rabii aliapa kwa macho yake mawili kwamba ngamia aliyechorwa ukutani kwa Haja Naima alimgeuzia shingo. Alikuwa anapita na sinia la mikate kichwani, akamsalimia kwa utani, na ngamia akamkazia macho mpaka mikate mitatu ikaanguka mchangani.

"Njaa hiyo, Mama Rabii!" wanawake wakamcheka.

"Chekeni tu. Nendeni mkasimame mbele yake, halafu mrudi mnicheke."

Sabah hakucheka. Ukuta ule ulikuwa kazi ya wanafunzi wa Abla Insaf, mwalimu wa shule yao ya chumba kimoja. Sabah mwenyewe aliishia hapo, darasa la sita, na sasa ndiye aliyewachanganyia wasichana rangi: chokaa, masizi, udongo mwekundu, buluu ya kufulia. Mzee aliyezoea kuchora kuta za mahujaji alishafariki, na Haja Naima alikuwa anarudi kutoka Makka Alhamisi. Angeikutaje nyumba yake haina picha ya safari yake? Basi Abla akasema somo la kuchora wiki hii liko ukutani.

Ndege ya kwendea Makka wasichana waliichora bila kuwahi kuiona kwa karibu, wakaipa magurudumu kumi na mawili kama behewa la treni ya miwa. Abla akaiacha hivyo hivyo. Ngamia alichorwa na Kauthar, mdogo wake Sabah, wa miaka kumi. Baba yao alishasema Alhamisi hiyo hiyo ndiyo mwisho wake shuleni. Mbuzi hawana wa kuwachunga.

Jumatano alasiri Sabah akamfuata baba shambani.

"Baba, njoo uone kitu."

"Nikaone ndege ya miwa? Nimeshasimuliwa."

"Njoo tu, baba."

Baba yao, Abdel-Shafi, alifika na mzaha mdomoni, ukamwishia hapo hapo. Ngamia alikuwa amepiga magoti, jicho limeinama kidogo, vile anavyotazama mnyama anayesubiri mzigo. Magoti yalikuwa na sugu. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

"Mabruka," akasema polepole. Mabruka, ngamia wao, alikufa Kauthar akiwa na miaka minne. "Nani alimwelekeza?"

"Hakuna. Anamkumbuka."

Baba akanyoosha mkono, akaurudisha, kama anayeogopa kumshtua. Kauthar alikuwa amesimama juu ya pipa, akiweka kope moja moja kwa brashi ya nyuzi za mtende, wala hakugeuka.  Wiki nzima Sabah amemsagia masizi mtoto huyu, kila siku analala naye mkeka mmoja, na hakujua kwamba jambo kubwa namna hii linaweza kukaa ndani ya kifua kidogo vile.

"Baba," akasema, kwa sauti ya chini ya mtu aliye msikitini, "mwache aendelee na shule. Mbuzi nitawachunga mimi."

 Baba alikuwa bado anautazama mkono wa Kauthar.