Pembe ya Kivuli cha Mbuvi

Kila alasiri, akisharudi kutoka shuleni, Mwalimu Nzilani aliweka kigoda uani mahali ambapo kichwa cha kivuli cha mumewe kingeangukia mapajani mwake, akasahihisha madaftari ya hesabu. Mbuvi mwenyewe alikuwa kaburini. Ukuta wa handaki la bwawa la mchanga, la kuhifadhi maji mtoni, ulikuwa umemfukia karibu na Kathonzweni, na jioni hiyohiyo kivuli kikarudi nyumbani peke yake. Urefu wake ulikuwa wa Mbuvi mara mbili, kililalia mashariki, na hakikurefuka wala kufupika, jua liwe utosini au liwe limekwisha kuzama. Kuku walikipenda kwa ubaridi wake.

"Mwalimu, mwambie bwana yako asogee kidogo," jirani yake Mumbua alisema. "Nataka kuanika kunde."

"Hasikii, Mumbua. Kwani alipokuwa hai alikuwa anasikia?"

Kabla ya mazishi, Ndolo wa ofisi ya mradi wa bwawa, uliokuwa umemwajiri Mbuvi, alikuwa amekuja na tepu akakipima, kwa sababu ripoti ilihitaji saa ya ajali, na kivuli kilikuwa kimeganda katika saa hiyo. Ofisini kwake, mjini Wote, palikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Aliiandikia programu kwa lugha ya BASIC: urefu wa mtu ugawanywe kwa urefu wa kivuli, kisha ATN, tanjenti kinyume, iurudishe uwiano huo kuwa pembe ya jua. Mashine ikajibu 0.46. Ndolo akaandika: chini ya nusu digrii. Basi jua lilikuwa likizama, kazi ilikuwa imefungwa, na marehemu alishuka handakini kwa hiari yake. Sokoni watu walimalizia wenyewe kwamba hakuna ashukaye huko wakati wa magharibi ila mlevi. Kanisa likamzika bila kwaya, kama linavyowazika walevi.

Nzilani hakutaka kingine ila kwaya isimame kaburini, iimbe beti zote za wimbo wa mazishi. Akaenda Wote.

"Bwana Ndolo, ATN hujibu kwa radiani, si kwa digrii. Zidisha kwa mia na themanini, ugawanye kwa pai."

Ndolo akafanya hivyo. Ishirini na sita na nusu: jua la baada ya saa kumi na nusu, kipenga cha kufunga kazi hakijapulizwa.

"Ingekuwa nusu digrii," Nzilani alisema, "kivuli kingetoka uani kwangu kikafika sokoni."

"Ni kweli, Mwalimu. Lakini ripoti imeshatiwa sahihi. Na ni mashine ilisema."

"Mashine ilisema kweli. Ni wewe hukuielewa."

"Ndio," Ndolo alikubali, akairudishia kompyuta kitambaa chake.

Mzee wa kanisa, Kivuva, alimsikiliza Nzilani akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, tunakuamini. Lakini kanisa halimziki mtu mara mbili."

Nzilani alirudi nyumbani, akawafukuza kuku, akaketi. Akaimba beti zote kwa sauti ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Mbuvi, naye akamwachia nafasi yake. Jua likazama. Kivuli cha ghala kikaondoka, na cha kigoda, na chake mwenyewe. Cha Mbuvi kikabaki mapajani mwake, kama mtu ambaye hajasikia kipenga.