Kovu la Afande

Kovu la mkononi mwa Afande lilikuwa na historia ndefu kuliko mkono wenyewe. Alipostaafu jeshi, alisimulia pale kwenye benchi la kinyozi kuwa ni la risasi moja. Miaka ishirini baadaye risasi zimeshafika nne, na adui anazidi kurefuka. Mkewe akipita na kapu lake huguna tu, "Mmh!" akaenda zake.

Siku ya harusi ya binti yao, mpishi wa kukodi hakutokea, na simu kazima. Wageni mia tatu washakaa, wakwe wako mbele kabisa, na uani masufuria matatu ya wali yananuka kuungua. Mashangazi wanakoroga, kila mmoja na amri yake. Kinyozi naye kajitosa, kashika mwiko kama wembe.

Mke akamvuta mumewe kando. "Baba bibi harusi, utasimama na kovu lako mpaka tuaibike?"

Afande akawaangalia wasikilizaji wake wote wa benchi la kinyozi, waliohamia uani kwake. Akiugusa mwiko ule tu, vita vyake vyote vimekwisha. Akamwona binti yake dirishani, wanja unamchuruzika. Akakunja mikono ya shati.

"Mwiko chini! Wali haukorogwi kama uji! Wewe, toa kuni! Hamisheni wa juu tu, atakayekwangua chini nitamla yeye! Funika, palia makaa! Shangazi, toka jikoni kwangu!"

Jikoni kwangu. Limeshatoka hilo, halirudi.

Saa moja baadaye wakwe walikuwa wanaomba kuongezwa. Kinyozi akaja na sahani yake, jicho moja kalifinya.

"Afande, watu mia tatu, na chumvi umepima kwa kiganja! Hivi jeshini ulikuwa unashika nini hasa?"

"Mwiko," akajibu mke. "Miaka kumi na minane. Na hilo kovu ni mafuta ya kukaangia."

Uani kukalipuka kicheko. Shangazi mmoja akakaa chini kabisa, kanga mdomoni.

Afande hakutikisika. "Chekeni. Adui mwenye akili humlenga nani kwanza? Jenerali? Thubutu! Mpishi. Mwangushe mpishi, kikosi kizima kinanyoosha mikono kabla ya saa saba mchana."

Kinyozi akatafuna, akafikiri, akatafuna tena. "Kwa hiyo… walikulenga?"

"Mara tano."

"Mmh!" akaguna mkewe, akamwongezea kinyozi nyama.