Bega Lililohitimu

Mama Dobi alikuwa mwanafunzi mbovu kuliko wote katika darasa la kucheza taratibu, na ubovu huo alikuwa akiufanyia mazoezi nyumbani.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Kioo ukuta mzima, sakafu ya mbao inayolalamika kuliko magoti ya wanafunzi. Wazee waliinua mikono polepole kana kwamba wanaanika mashuka. Mwalimu, binti wa rika la wajukuu zake, alipita katikati yao. "Vuteni pumzi. Sikilizeni mwili unasema nini."

Mwili wa Mama Dobi ulisema jambo lilelile kila siku. Tangu azikwe mumewe, hakuna mtu aliyemgusa. Mwenye duka humwekea chenji juu ya meza. Wajukuu humpungia mkono kwenye simu. Hata daktari siku hizi humpima kwa macho, na macho yenyewe yako kwenye kompyuta.

Mara ya kwanza alikosea kweli. Mwalimu akaja nyuma yake, akamwekea kiganja kwenye bega la kushoto. "Lishushe hili, mama. Legeza."

Kiganja kilikuwa na moto wa pasi ya kunyooshea hariri. Tangu siku hiyo bega likagoma kushuka.

"Bega gani hili, mama?"

"Kaidi, mwanangu. Nimelirithi kwa mama mkwe."

"Mama mkwe harithiwi!"

"Wewe hukumjua yule."

Basi siku moja muziki ukamponza. Ulikuwa laini, akafumba macho, akajisahau, akacheza sawasawa toka mwanzo hadi mwisho.

"Jamani, tazameni! Mama amepatia!"

Wakampigia makofi. Mama Dobi alitamani sakafu ipasuke, aangukie kwenye makopo ya rangi.

"Sasa umehitimu, sikusumbui tena," mwalimu alisema kwa furaha. "Nisaidie kumfundisha huyu baba mgeni."

Mgeni alikuwa dereva wa malori, mstaafu, mrefu kama nguzo. Shati lake lilipigwa pasi mbele tu. Mgongoni mikunjo mitupu. Mama Dobi alisoma shati lile mara moja: nyumbani kwake hakuna wa kumtazama mgongo.

Akamwekea kiganja begani. "Lishushe hili, baba. Legeza."

Likashuka. Dereva akashusha pumzi ndefu. Mama Dobi akaondoa mkono, akarudi mahali pake.

Ndipo akaona kwenye kioo: bega la dereva linapanda tena, kidogokidogo, mpaka karibu na sikio. Na jicho lake moja linachungulia kama Mama Dobi anakuja.

"Mimi mzito wa kujifunza, dada," dereva alisema.

"Naona."

Akarudisha kiganja, akakiacha pale wimbo mzima.

"Na wewe, bega lako halikusumbui?"

"Lilinisumbua. Limepona," alisema Mama Dobi. "Bahati mbaya."

Dereva hakuelewa, akacheka tu. Darasa lilipoisha kila mtu akashika njia yake. Mama Dobi alitembea kiganja akiwa amekitia mfukoni, kisipoe kabla hajafika kwake.