Sura ya Kalista

Zubery alijiona ndiye fundi picha wa kweli pekee Mbeya nzima, na mwaka ule wa 1974 hakuwa mbali sana na ukweli. Kwa hiyo Masunga, mfugaji kutoka Madibira, alipomwekea mezani kipande cha filamu kilichofungwa kwenye leso, alikipokea kwa mbwembwe.

Ilikuwa picha ya wanawake kumi na wawili mbele ya zahanati, huko Usukumani, familia ya Masunga ilikoishi kabla ya kuhamia Madibira. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Kalista, mke wa Masunga, aliyefariki binti yao Roza akiwa bado ananyonya. Jumamosi iliyofuata Roza alikuwa anaolewa, na hakuwahi kuiona sura ya mama yake. Naye alikuja na baba yake, akakaa kwenye benchi la studio kusubiri.

"Mkuze, kichwa chake kilingane na changu," alisema Masunga. "Hao wengine waondoe."

Zubery akaingia chumba cha giza, akaiinua taa ya mashine ya kukuzia picha mpaka juu kabisa. Kichwa kilichokuwa kama punje ya mchele kikajaa karatasi nzima, lakini kikawa vidoadoa vitupu, hata pua huioni. Hapo kiburi kikamponza. Akachukua penseli, akamchorea Kalista macho, nyusi na mdomo, kama alivyozoea kuwapendezesha mabibi harusi wa mjini.

Roza aliipokea kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Masunga akachungulia.

"Fundi, huyu nani?"

Zubery akajaribu kucheka.

"Nimekaa na yule mwanamke miaka minne," alisema Masunga taratibu. "Macho haya umeyatoa wapi?"

Aibu ilimshika Zubery mpaka masikioni. Akarudi chumba cha giza, akachapa nakala nyingine, bila kuigusa kwa penseli. Roza akaisogeza karibu na uso.

"Sioni mtu, baba," alisema.

Zubery akaibandika kwenye ukuta unaotazamana na mlango, akawaomba warudi nyuma. Wakarudi, wakatoka nje, wakavuka barabara. Huko ng'ambo Masunga akavua kofia.

"Ndiye."

Roza naye alimwona: mwanamke kijana mwenye kidevu kama chake, amekunja uso kwa sababu ya jua. Akakimbia kwenda kumshika. Kila hatua ikampunguza mama, mpaka pale ukutani vikabaki vidoa tu. Akaanza kurudi kinyumenyume, polepole, mpaka akampata tena.

Alikuwa katikati ya barabara. Lori likapiga honi, likapiga tena, na Roza hakusogea.