Nafasi ya Kidole

Ncha ya blanketi ilikuwa ikichungulia chini ya tangi jipya la petroli, na mimi nilikuwa nimeondoka kidogo tu kwenda kuleta chai.

"Nani kaweka hili?"

Mume wangu akatazama pembeni. Alikaa ukingoni mwa boti yetu, viganja vyake vyenye makovu vimelala mapajani, jasho likimtiririka. Kulisukuma blanketi mle kwa mikono ile lazima kulimtesa.

"Litagonga, mama watoto. Bati tupu juu ya mbao?"

Wiki ile yote sikuwa na utulivu: nililala nusunusu, nikapika nikaunguza, na jirani akiwasha pikipiki nashtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangi la zamani, nalo la alumini, alilitandikia zulia lisiwapigie abiria kelele. Zulia likanywa maji ya chumvi, likayashikilia, na alumini ikaliwa kimyakimya upande usioonekana. Harufu ya petroli tuliisikia sote, tukasema ni ya mashine. Kisha ikaruka cheche. Abiria walikuwa wameshashuka. Yeye alikuwa bado ndani.

Sasa kesho yake ningeshika usukani mimi, maana yeye hata kijiko kilimshinda.

Nikalivuta blanketi, nikalitupa nje. "Tangi si mtoto mchanga, baba. Halitaki kufunikwa, linataka hewa." Nikamwonyesha vipande vya mpira nilivyovigundisha chini yake ili lisiguse mbao, na nafasi ya kupita kidole pande zote, maji yakiingia yapate pa kutokea.

"Na likivuja nawe uko katikati ya maji?" Alinigeukia. "Mimi nimeungua, basi. Wewe je?"

Hasira ikaniisha palepale. Nilikaa kando yake, nikamnywesha chai iliyokwisha poa.

Kesho yake nilivuka, nikarudi. Kabla sijafunga kamba alikuwa ameshafika. Hakuulizia abiria wala mawimbi.

"Umepitisha kidole?"

Nilikuwa nimekipitisha, nikalizunguka tangi lote. Nikamnyooshea. Vidole vyake havikujua tena kikavu na kibichi, kwa hiyo aliinama akakiweka shavuni, akafumba macho.

"Kikavu," alisema.

Tangi lile tunalo hadi leo. Nimezoea kufunga kamba kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa shavuni mwake.