Matundu ya Jaketi la Mwiba

Fundi alikuwa na sharti moja la kazi, na hakufundishwa na mtu: nguo haitoki kwake na tundu. Ukimletea suruali iliyokatika kifungo, akaona na pindo linaning'inia, atashona vyote viwili. Ukimuuliza, atakujibu kwa sauti yake ya chini, "Nimeona nisikuache njiani." Watu walimwita Taratibu, wakalalamika kwamba anachelewa, na wakarudi kwake vilevile.

Jumatatu moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliingia mbiombio na jaketi jeusi la jinzi, akalitupa juu ya meza ya kukatia.

"Shemeji, kwapa limeachia. Ijumaa Mwiba analivaa jukwaani. Usichelewe kama ulivyochelewa kuoa."

"Nilichelewa nikampata dada yako."

"Shukuru. Ungechelewa zaidi ungenipata mimi." Akatoka.

Shemeji huyo alitunza mavazi ya Mwiba, mwimbaji wa panki, muziki wa makelele, ambaye sauti yake, walisema, ingeweza kung'oa misumari. Fundi alimjua kwa kusikia tu, kupitia ukuta wa mbao. Upande wa pili alikaa kinyozi, mshabiki wa Mwiba mwaka wa kumi na mbili huu, na mteja wake mkubwa alikuwa nesi mmoja aliyenyolewa pembeni kila Jumamosi ili kichwa kibaki na upanga kama jogoo. Wawili hao wakikutana, Mwiba hutiwa chunguni akapikwa mpaka akaiva.

Kwapa lilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini Fundi alipoligeuza jaketi aliona matundu mengine kumi na moja, yote yamebanwa kwa pini. Akamhurumia mwenye jaketi. Aliyasoma moja moja, maana kitambaa huwa hakifichi: begani alitafuna panya, mgongoni palichomwa na pasi, mfukoni palinasa msumari, kiwiko kimelika. Alichomoa pini akazitia koponi, akatafuta uzi uliopauka sawasawa na jinzi ile, akatililia matundu yote, akiyafuma uzi kwa uzi, kwa siku tatu. Ijumaa asubuhi shemeji alilikuta limekunjwa ndani ya mfuko. Hakulifungua.

Kesho yake ukuta ulichangamka mapema.

"Amekwisha," kinyozi alisema. "Kaolewa yule. Jaketi lote limeshonwa, halina hata pini. Hiyo ni nyumba yenye mume."

"Mume gani anajua kushona vile?" nesi akamjibu. "Mimi nakwambia yule si yeye. Wametuletea wa kufanana naye. Mwiba ninayemjua mimi angeziba tundu la bega?"

"La askari."

"Si ndiyo. Alivutwa bega, jaketi likachanika, na wimbo hakuukata."

"Na lile la mgongoni, mpiga ngoma alipomzimia sigara, siku walipoachana."

Sindano ilisimama mkononi mwa Fundi. Askari yupi tena? Alijaribu kumweka askari mahali pa panya, askari akakataa kukaa. Labda kulikuwa na majaketi mawili. Labda macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alikuwa bado anapima hayo shemeji alipoingia, macho mekundu.

"Shemeji, mimi nilikuonyesha kwapa."

"Ulinionyesha."

"Kwapa tu. Toka ashuke jukwaani hajasema neno. Meneja ananiambia Jumatatu Mwiba ataamua mwenyewe kama nabaki au naondoka. Miaka minne, shemeji. Sijui kazi nyingine."

"Niletee nilifumue."

"Analo mwenyewe. Na wewe ukiligusa tena, sijui litarudi na maua."

Fundi alikaa siku mbili akilitafuta kosa lake. Alijua lipo, maana shemeji alikuwa amelia. Lakini kila alipoanza kulifuata, alifika palepale: tundu lilikuwepo, nimeliziba.

Jumatatu Mwiba alikuja, kajifunga kitambaa kichwani, shemeji nyuma yake. Kinyozi alikuwa mlangoni akipunga hewa. "Pita mama," alimwambia, "huyo fundi ni wa polepole lakini anafika." Akarudi ndani kwenye mashine yake.

Mwiba alilitandaza jaketi mezani. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Huyu alinionyesha kwapa peke yake. Mengine nilijiongeza."

Kidole cha Mwiba kilitua begani. "Hapa palikuwa na nini?"

"Panya."

Shemeji alifumba macho.

"Una hakika?"

"Mkono ukichana hufuata uzi. Panya hafuati uzi."

"Mimi sikusema ni askari," Mwiba akasema. "Watu walisema, nikawaacha. Mwaka wa pili nikawa naukumbuka mpaka mkono wake. Ulikuwa na saa." Akamtazama Fundi kana kwamba saa hiyo huenda ilikuwa kwake. "Na mgongoni?"

"Pasi. Sigara ingeacha duara. Hii ilikuwa na ncha."

"Na kiwiko?"

"Kiwiko hakikuchanika. Kililika. Mtu aliegemea kitu miaka mingi."

Hapo Mwiba alivuta kigoda akakaa. "Kaunta ya tiketi za basi," alisema. "Miaka sita. Hilo hakuna aliyewahi kulisema." Alikipapasa kiwiko kilichoshonwa. "Hapa nifungulie. Kwingine kuache."

Fundi alichukua kiwembe, lakini hakuanza. "Na shemeji yangu?"

"Kafanya nini?"

"Ndiyo nauliza."

"Jaketi nitabebewa na nani?" Mwiba alisema, akamgeukia shemeji. "Wewe ulidhani nimekasirika? Nilikuwa najaribu kukumbuka."

Fundi alifumua uzi mmoja mmoja. Mwiba alichagua pini moja koponi, akaibana kiwikoni mwenyewe, akaondoka. Shemeji alibaki nyuma kidogo, akamwambia Fundi, "Dada aliniambia wewe ni mzigo. Nitamwambia ni kweli," akatoka akicheka.

Jumamosi iliyofuata nesi aliingia kwa kinyozi na hakungoja kuvikwa shuka.

"Umekiona kiwiko jana jukwaani?"

"Nimekiona. Mbwa yule. Mbwa wa polisi."

"Hata mimi nilisikia mbwa."

Kinyozi aligonga ukuta. "Fundi, na wewe mtu wa nguo. Umesikiaje?"

Fundi alifungua kinywa kusema kaunta. Lakini kaunta haikuwa yake kuisema. Badala yake akajisikia akiuliza, "Mbwa wa rangi gani?"

"Mweusi," kinyozi alijibu bila kufikiri. "Sikio moja halina."

Fundi aliendelea kupiga pindo. Kiwiko kile alikifumua mwenyewe, kwa vidole hivihivi. Alijaribu kuiona ile kaunta, mbao zake, tiketi zake, na kila alipokaribia kuiona, mbwa alikuwa amelala chini yake.